Watajua Akipandwa na Mzuka

Saa kumi na mbili kasoro robo jioni, kijiweni kwetu Ikungi, abiria hamna. Mabasi ya Dar kwenda Mwanza yameshapita, zimebaki semitrela za Kigali na Kongo zinaunguruma kwenye lami kuelekea Singida mjini. Tumekalia pikipiki kiubavu. Mmoja anatafuna karanga, mwingine anagombana na simu yenye kioo kilichopasuka, wa tatu anabishana peke yake kuhusu Simba na Yanga maana sisi wengine tumeshachoka naye. Na Watajua kalala chini ya banda la mama muuza chipsi tangu saa nane mchana, kauchapa usingizi kama mtu anayelipwa kwa saa.

Ghafla kichwa juu. Masikio yanalala nyuma. Anasimama, anajinyoosha: miguu ya mbele chini mpaka viwiko vinagusa vumbi, makalio hewani, mkia unapunga kidogo. Anatucheki mmoja mmoja kwa jicho la pembeni, lile ambalo weupe unaonekana. Kimya, kama sekunde mbili hivi.

"Oyaa, kaeni sawa," anasema dogo wa pikipiki nyekundu. "Huyu anawaka."

Halafu nduki, mwanangu. Nduki!

Sio mbio za kufukuza kitu. Hamna paka, hamna panya, hamna jike aliyepita. Mbio tupu. Kiuno kakishusha utadhani anajiburuta, mkia kaubana katikati ya miguu, mgongo umejikunja kama upinde, ulimi unaning'inia upande mmoja. Anazunguka banda la chipsi mara mbili, anakata kona kwenye magunia ya mashudu nje ya mashine ya kukamua alizeti, vumbi linapaa, kuku wa jirani wanatawanyika huku wanalalamika. Anapita chini ya pikipiki yangu, katikati ya magurudumu, kwa spidi ambayo mimi nisingewahi hata kuinama kumwangalia. Mwisho wa uwanja anageuka bila breki, makucha yanachimba udongo, anarudi alikotoka. Mara ya tatu. Mara ya nne. Mara ya tano anaganda mbele ya dogo, anainama tena vilevile, viwiko chini makalio juu. Dogo akinyoosha mkono tu, keshasepa.

Dakika moja na nusu, nimewahi kumpimia kwa simu. Akimaliza anajibwaga palepale alipoanzia, mbavu zinapanda zinashuka, mate yanadondoka kwenye vumbi, sura ya mtu aliyemaliza shughuli zake na hadaiwi na yeyote.

Kitaa tunasema kapandwa na mzuka. Kwa wazee, mzuka ni kitu kinachoibuka bila taarifa, pepo fulani hivi, unakutana nalo njia ya makaburini unafika nyumbani huna kandambili. Sisi tukalichukua neno, tukalifanya ile hali ya kupanda stimu, ngoma ikipigwa unajikuta ushasimama. Kwa Watajua maana zote mbili zinafanya kazi. Wazungu wanaofuga mbwa ndani ya nyumba wanaita zumizi, na wataalamu wa tabia za wanyama, ambao kila kitu lazima kiwe na jina la shuleni, wana jina refu ambalo kwa Kiswahili lingekuwa kama "vipindi vya purukushani bila mpangilio". Mimi nabaki na mzuka. Ni neno fupi, na kweli kitu chenyewe kinazuka tu.

Jina lake nalo sio la bahati mbaya. Mbwa wa mitaa yetu wapo wa aina mbili kwa majina: kina Simba, Tomi na Popi, wale wa kawaida, na wale waliobebeshwa ujumbe kwa jirani. Mwenye Watajua alianza kujenga nyumba ya tofali za kuchoma, watu wakasema hamalizi. Akanunua mbwa, akampa jina, na kila jioni analiita kwa sauti ya juu upande ule ule wa uzio. Nyumba imeezekwa. Mbwa bado anaitwa.

Kama hujawahi kufika huku, Ikungi ni pale unapotoka Dodoma unaitafuta Singida na umebakiza kidogo. Tumekuwa wilaya mwaka 2012, tulipomegwa kutoka Singida Vijijini. Kuna mawe makubwa yamekaa juu ya mengine kama mtu kayapanga akasahau kuyashusha. Kuna alizeti, mtama, vitunguu, na kuku wa kienyeji ambao wakifika Dar wanapanda bei na kupanda cheo. Halafu upepo. Upepo wa huku mwezi wa sita na wa saba unakuchapa mpaka kwenye mfupa; ukimwona mwana boda wa Singida kavaa koti la kiwango cha Ulaya usimcheke.

Kwa mazingira hayo, mbwa sio pambo. Mbwa ni mwajiriwa. Zamu yake inaanza watu wakilala: fisi, wezi wa mbuzi, wezi wa kuku, mlevi aliyekosea nyumba. Mshahara ni ugali uliobaki na mfupa ambao watu washautafuna mpaka umekata tamaa. Likizo hakuna. Mchana jua likiwaka anatafuta kivuli, na ana sababu: mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, vitezi vyake vya jasho vipo kwenye nyayo tu, kwa hiyo joto jingi analitoa kwa kuhema mdomo wazi. Akikimbia saa saba mchana anajipika mwenyewe. Ndiyo maana mzuka wa Watajua una ratiba, unasubiri jua lilegee na upepo uanze. Hapo mwili umelala siku nzima, umejaa, na zamu ya usiku haijaanza. Ni kale kasaa ambako si ka bosi wala si ka fisi. Kake.

Zipo na sababu nyingine, ukikaa naye utaziona. Akifunguliwa kamba, mzuka. Mwenye nyumba akirudi toka mnadani, mzuka. Siku ya kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe na yeye akimwagiwa maji, ndiyo usiseme, anakimbia huku anajisugua kwenye kila kitu, pamoja na suruali yako uliyofua jana. Akishajisaidia vizuri pia, mzuka, na hapo namwelewa kabisa. Wadogo wanapandwa zaidi ya wazee. Na sio mbwa peke yao; kasimame zizini jioni mbuzi wakirudi uone vitoto vya mbuzi vinavyoruka kiubavu miguu yote minne hewani, bila sababu yoyote ya kiuchumi.

Kitu ambacho nilikuwa nakichukulia poa ni ile kuinama ya mwanzo. Kumbe ni lugha. Jamaa mmoja Mmarekani, Marc Bekoff, aliifuatilia miaka na miaka. Mwaka 1977 akaandika kwenye jarida la Science kwamba ule mwinamo haubadilikibadiliki, uwe kwa mbwa wa kufugwa, uwe kwa koyote wa kule kwao. Kama muhuri wa ofisi. Mwaka 1995 akaongeza kwamba mbwa anauweka hasa karibu na lile tendo linaloweza kueleweka vibaya, mfano kabla au baada ya kung'ata mwenzake akitikisa kichwa. Ni kama wewe unavyomwandikia mshkaji "we fala sana" halafu haraka unabandika vikatuni vitatu vya kucheka, asije akamaindi. Watajua anavyoinama mbele ya dogo anasema hivyohivyo: kinachofuata ni utani, kaeni kiutani.

Juzi kati alikuja msee mmoja wa Nairobi, kafuata vitunguu na lori. Gari limepigwa pancha, kakaa na sisi anakunywa soda. Watajua akawaka. Msee akaruka juu ya kreti.

"Wasee! Hiyo dogi imechizi ama imekula nini? Cheki vile inatoka mbio!"

"Hajachizi, mzee baba. Kapandwa na mzuka."

"Mzuka? Hiyo ni form gani?"

Tukamweleza, akacheka mpaka soda ikatoka puani. Ila nilinasa kitu: kwao mbwa ni "hiyo", kwetu ni "huyo". Tulibishana kuhusu hilo nusu saa nzima, kiraka kikakauka, akaondoka bila kukubali.

Na kama unadhani hizi ni habari za mbwa koko wa porini tu, kuna mbwa anaitwa Basenji, asili yake misitu ya Kongo, mbwa wa kuwindia, mwembamba, mkia umejiviringa mgongoni, habweki bali anatoa sauti kama anaimba kwa kukwaruza. Jina lenyewe ukilisikiliza vizuri unalijua: basenji, washenzi. Mbwa wa washenzi! Mwaka 1937 akaonyeshwa kwenye yale maonyesho makubwa ya mbwa London, Crufts, watu wakajaa kumshangaa, na leo anafugwa kwenye makochi Ulaya na Marekani kwa hela ambayo hapa Ikungi unanunua bodaboda. Sasa wenye Basenji wana msemo wao, "Basenji 500", wameutoa kwenye mashindano ya magari ya Indianapolis, yale ya maili 500. Maana yake ni Basenji anapozunguka sebule kwa mbio za kichaa, anapanda sofa, anapita juu ya meza, duru baada ya duru. Kwa hiyo mshenzi kafika Ulaya, kapewa godoro, kapewa daktari wake, na jioni bado mzuka unampanda uleule wa chini ya banda la chipsi. Hiyo mimi huwa inanifurahisha kinoma.

Hata mbwa mwitu, wale wa mabaka wenye masikio kama sahani, wanaopatikana kusini mwetu huko Ruaha na mapori ya Rungwa. Kabla ya kwenda kuwinda wanaamka, wanakimbiliana, wanasukumana, wanalia kama ndege, kundi zima linapandishana mzuka. Utafiti uliofanyika Botswana na kuchapishwa mwaka 2017 uligundua kitu cha ajabu zaidi: kwenye ule mkusanyiko wanapiga chafya, na chafya zikiwa nyingi kundi linaondoka, zikiwa chache wanarudi kulala. Kura ya chafya! Wakubwa wakiianzisha wao hoja, hazihitajiki nyingi. Dogo akiianzisha, lazima wengi waunge mkono. Nilipowasimulia wana kijiweni, mzee mmoja akasema basi hao wametuzidi.

Kuna bibi jirani ambaye mzuka wa Watajua unamkuta kashatia udhu wa Magharibi. Kwa madhehebu ya Shafii mate ya mbwa yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo, na maji ya huku unajua yanavyopatikana, dumu na punda. Kwa hiyo bibi akiona tu vumbi linapaa anasimama juu ya jiwe, kanga kaikusanya mpaka magotini, anafyonya: "Ukicheza na mbwa atakufuata msikitini!" Ajabu ni kwamba Watajua hajawahi kumgusa hata mara moja. Anazunguka lile jiwe kwa adabu kabisa, kwa umbali uleule, anaendelea na safari zake. Na usiku ukisikia bibi anaita "Watajuaaa" kwa sauti ya chini dirishani, ujue fisi kapita karibu na banda lake la mbuzi.

Sasa nisimulie ya Popi, maana bila Popi nisingekuwa naandika hivi.

Popi alikuwepo kabla ya Watajua. Miezi minane hivi, kahawia, sikio moja limesimama moja limelala. Alikula mayai ya watu, akafungwa kamba ya katani kwenye mti wa mwarobaini, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne, ilikuwa siku ya mnada, akaikata. Na wewe ungekata. Mwili wa siku tatu zote ukatoka kwa mara moja: akaingia katikati ya watu anakimbia duara, kiuno chini, macho yamemtoka, ulimi nje, anapita chini ya meza za mitumba, anageuka, anarudi. Mtu mmoja, sijui nani, akapiga kelele: "Kichaa!"

Neno hilo ukilitamka mnadani ni kama kuwasha kiberiti kwenye pamba. Mawe. Fimbo. Akina mama wanabeba watoto. Na mimi nilirusha jiwe, sitakudanganya, nilikuwa na umri wa kujua na bado nilirusha, kwa sababu kila mtu alikuwa anarusha. Mwenye mbwa akatokea anakimbia, akaita "Popi!" Na Popi, na mguu umeshavunjika, akasikia jina lake akaanza kumfuata akijikokota, mkia unapunga. Hapo ndipo jiwe la mwisho lilipomkuta.

Mbwa mwenye kichaa haitiki jina. Hiyo nilikuja kuambiwa baadaye na afisa mifugo, mtu mpole, hakutugombeza hata kidogo. Akatuchorea pale chini kwa kijiti. Mzuka ni duara: anatoka anarudi, anakujua, anakuinamia, dakika mbili kaisha, kalala, kanywa maji. Kichaa kwa kawaida hakirudi: mbwa anapotea mbali na kwao, anang'ata chochote bila kuchokozwa, jiwe, mti, gurudumu, hata mwenye kumlisha. Sauti inabadilika inakuwa ya kukwaruza, taya linalegea, mate yanamtoka kwa sababu hawezi kumeza, miguu ya nyuma inaanza kuyumba. Mwingine hata hakimbii, anajificha tu gizani kapooza, na huyo ndiye watu wanamwonea huruma wanamtia mkono mdomoni wakidhani kakabwa na mfupa. Ukiwa na wasiwasi, usikaribie. Toa watoto, piga simu.

Na wala siwalaumu waliopiga kelele. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2002 kwenye jarida la Shirika la Afya Duniani ulikadiria kwamba Tanzania kilikuwa kinaua karibu watu 1,500 kwa mwaka. Hao sio wachache, na wengi wao ni wa vijiji kama vyetu, hospitali iko mbali na nauli haipo. Chanjo yenyewe sio ngeni: Louis Pasteur alimchanja mtoto mmoja Julai 1885, na kila tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur, dunia inaadhimisha siku ya kichaa cha mbwa. Uking'atwa, sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima sio kusuuza tu, halafu hospitali siku hiyohiyo ukapate sindano, zote, usiishie ya kwanza eti umeona uko freshi. Na mbwa wakichanjwa saba katika kila kumi, ugonjwa unakosa pa kupitia mtaani. Hofu ile ya mnadani ilikuwa na haki yake. Popi tu ndiye hakuwa na ugonjwa.

Watajua kachanjwa. Kadi yake ipo kwenye simu ya mwenye nyumba, picha, na akikuonyesha anaivuta kwa vidole mpaka usome tarehe. Tulichanga kijiweni siku ya kumchanja, buku buku, hata yule wa Simba na Yanga alitoa.

Kinachotutisha sasa hivi ni lami. Mzuka hauangalii kushoto wala kulia, na semitrela iliyobeba kontena haiwezi kusimama kwa ajili ya mbwa. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Ukingo wetu ni mstari mweupe wa barabara ya Dodoma. Mwezi wa tano Watajua alikata kona vibaya, akatokezea barabarani, lori likapiga honi ile ndefu inayotingisha mabati. Akarudi mzima. Mama wa chipsi akadondosha karai la mafuta, mafuta yote chini, na hakuna aliyethubutu kumwambia chochote mbwa wala mama.

Tangu siku hiyo, ikifika saa kumi na moja na nusu tunahamisha pikipiki. Hatujaitishana kikao, dogo ndiye alianza. Tunazipanga kwa ubavu, gurudumu kwa gurudumu, kutoka kwenye nguzo ya umeme mpaka kwenye magunia ya mashudu, kuziba lile pengo la kwendea barabarani. Ya kwangu ndiyo ya katikati.

Jana alikuja abiria wa Puma, ana haraka, begi mkononi, kashakaa kwenye siti kabla sijamwambia karibu.

"Twende, kaka, nachelewa."

Chini ya banda la chipsi kichwa kilikuwa kimeshanyanyuka, masikio nyuma.

"Subiri dakika mbili, dada," nikamwambia. "Umekalia geti."